Mafunzo ya wiki mbili Moshi nikiwa na mtoto anayenyonya: nikae hosteli ya chuo au nyumba ya wageni mjini?

Alizeti_Singida (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mtunza hesabu wa chama cha akiba na mikopo mjini Singida. Mwajiri wangu amenipangia kuhudhuria mafunzo ya wiki mbili yatakayofanyika mwezi Agosti katika chuo kimoja cha Moshi, ambacho sitakitaja kwa kuwa barua ya wito bado iko mezani kwa meneja na mambo hayajakamilika. Mafunzo yenyewe yanahusu masharti ya leseni kwa SACCOS chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo imetuweka sisi katika daraja la tatu, pamoja na uandaaji wa taarifa za fedha. Nimeyasubiri tangu mwaka juzi, kwa sababu mkaguzi akija ofisini kwetu anayekaa naye mezani kutwa nzima ni mimi. Meneja huja kumsalimu tu na kumkaribisha chai.

Tatizo langu ni kwamba wakati huo mtoto wangu atakuwa na miezi mitano. Ananyonya maziwa yangu tu, hajaanza kupewa kitu kingine chochote, na siko tayari kumwanzishia uji kabla ya miezi sita kwa sababu ya semina. Kwa hiyo nitasafiri naye, na tutafuatana na mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miaka 20, ambaye ndiye anayemlea ninapokuwa kazini.

Barua inaeleza kwamba chama kimelipia ada, malazi katika hosteli ya chuo na milo mitatu kwa siku “kwa mshiriki mmoja”. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Nimewauliza wenzangu wawili waliowahi kuhudhuria mafunzo ya namna hii, lakini wote ni wanaume, na kila nilipouliza habari za chumba walinieleza habari za mlima na nyama choma.

Ratiba inaonyesha kwamba vipindi vinaanza saa 2:30 asubuhi, chai ni saa 4:00 hadi 4:30, chakula cha mchana ni saa 7:00 hadi 8:00, na siku inamalizika saa 11:00 jioni. Ningependa kujua kwa waliowahi kukaa katika hosteli za vyuo kama mtu anaweza kupokelewa akiwa na mtoto mchanga na msaidizi, au kama ni heri nimwombe mwajiri anipe fedha ya malazi mkononi nikapange nyumba ya wageni mjini. Naomba pia anayefahamu aniambie hali ya maji ya moto, na kama kuna mahali pa kuhifadhi maziwa nitakayokuwa nimekamua.

Natanguliza shukrani.

Kitunza_Funguo

Salaam, binti yangu, na hongera kwa mtoto.

Nilifanya kazi ya mapokezi na utunzaji wa vyumba katika vyuo viwili vya mkoa huu hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyokwenda upande wa ndani wa kaunta. Moshi ni mji uliozoea wageni wa kozi fupi. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963, mwaka uleule kilipoanzishwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, na tangu hapo watu hawajaacha kushuka stendi na sanduku moja kwa ajili ya kozi ya wiki mbili au ya miezi mitatu. Hutakuwa mama wa kwanza kuja na mtoto.

Hata hivyo, neno “hosteli” katika barua ya wito hubeba vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo. Vyuo vingi vina nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, kila kimoja kikiwa na choo na bafu ndani, hita ya maji, meza na kitanda cha mtu mzima; hivi vilijengwa kwa ajili ya wahadhiri wanaotembelea na watahini wa nje. Kisha kuna mabweni ya wanafunzi. Mwezi Agosti wanafunzi wengi wa shahada wako likizo ndefu, ambayo huanza mwezi Julai na kuendelea hadi mwaka mpya wa masomo unapofunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, na chuo hutumia nafasi hiyo kuwapangisha washiriki wa mafunzo. Hapo utakuta vitanda vya deka, kabati la chuma lisilo na kufuli, na bafu mwisho wa korido linalotumiwa na vyumba kumi au zaidi, na maji ya moto utayapata kwa ndoo ukiwa umeelewana na mtu wa jikoni. Mratibu wa mafunzo huviita vyote viwili “hosteli” bila nia mbaya, kwa sababu yeye hulala nyumbani kwake.

Kwa hiyo usiulize kama hosteli ipo. Uliza kama chumba chako kiko nyumba ya wageni au bwenini, kiko ghorofa ya ngapi, na choo kiko ndani au nje. Ukishajibiwa hayo matatu utakuwa umejua mengi.

Jambo la pili ni namna vyumba vinavyogawiwa. Mratibu huleta orodha ya majina, na mtu wa mapokezi hutoa funguo kwa kufuata mtu aliyefika kwanza, isipokuwa pale ambapo jina limewekewa alama mapema. Washiriki wanaotoka Arusha na Same hufika Jumapili mchana na kuchukua vyumba vizuri, na anayetoka mbali hukuta kilichobaki. Wewe utapita Babati na Arusha, na kutoka Arusha bado kuna kilomita 80 hivi, kwa hiyo utafika umechoka na mtoto amechoka zaidi yako. Piga simu wiki mbili kabla na uombe jina lako liwekewe alama. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona kanuni iliyoandikwa kumhusu mama mwenye mtoto. Ni mtu aliyeko kaunta ndiye anayeamua, na huamua vizuri zaidi akiwa amejulishwa mapema kuliko anapozushiwa jambo saa tatu usiku.

Mtoto wako hatahesabiwa kuwa mgeni, ila mdogo wako atahesabiwa. Kila anayelala lazima aandikwe katika kitabu cha wageni pamoja na namba ya kitambulisho chake, kwa hiyo aje na cha NIDA. Nimewahi kuona mshiriki aliyemwingiza msaidizi wake kimyakimya ili kuokoa gharama. Walinzi walipopita usiku walimkuta amelala sakafuni juu ya kanga, na aibu iliyompata yule mama mbele ya wenzake asubuhi sikuipenda. Lipeni kitanda cha pili. Kama chuo ni cha umma, mtapewa ankara yenye namba ya malipo, na fedha italipwa benki au kwa simu. Mtu yeyote akiwaambia mmpe taslimu “ili kurahisisha”, mshukuruni na muendelee kuisubiri ankara.

Kuhusu chakula, washiriki hupewa kuponi, na mdogo wako hatakuwa nazo. Kantini itamuuzia sahani yake kwa bei ya kawaida, lakini mjulishe mpishi mkuu siku ya kwanza ili asihesabiwe kuwa amepenya kwenye foleni.

Kahawa_Chungu

Naomba kutofautiana na mzee wangu, pamoja na heshima zote.

Mimi ni mkaguzi wa ndani, na kwa kazi yangu nimelala katika hosteli za vyuo mara nyingi, Njiro, Tengeru, Usa River na hapo Moshi. Nimefikia uamuzi kwamba hosteli ya chuo inamfaa kijana asiye na mke na mzee asiyekula usiku. Kantini hufungwa saa 2:00 usiku. Mama anayenyonyesha huamka saa 5:00 usiku na njaa ya kutafuna meza, na hapo chuoni hakuna duka, hakuna kibanda, kuna mlinzi na mbwa wake. Mjini Moshi unatoka nje ya geti na kukuta mtu anachoma ndizi.

Isitoshe, mkoa wa Kilimanjaro unajua kumlisha mzazi. Wachaga humpa mama aliyejifungua mtori, yaani ndizi mshare zilizopikwa na nyama hadi zikapondeka na kuwa laini, na maziwa hujaa bila kusukumwa. Je, kantini ya chuo itampa hayo, au itampa wali na maharage siku kumi na nne mfululizo?

Ninachokubali ni kwamba mwezi Agosti si mwezi rahisi kupata chumba. Ni msimu wa kiangazi ambao wapanda mlima humiminika, na nyumba za wageni nzuri katikati ya mji hujaa au hupandisha bei. Upande wa Arusha nako, wiki ya kwanza ya Agosti vyumba huwa adimu kwa sababu ya maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Themi. Lakini ukitafuta kuanzia sasa, utapata chumba safi chenye vitanda viwili, na mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba bajaji itakufikisha chuoni kwa dakika kumi au kumi na tano. Chukua fedha mkononi, dada, uwe na uhuru wako.

Mama_Tengeru

Dada Alizeti, nimesoma majibu yote mawili, na ninaona kaka yetu Kahawa_Chungu amepiga hesabu ya mtu ambaye hajawahi kunyonyesha. Sina ugomvi naye. Mtori ni kweli, na njaa ya usiku ni kweli kabisa. Lakini wewe umetuandikia ratiba, na jibu limo ndani ya ratiba yako.

Mapumziko ya chai ni dakika 30. Ukikaa hosteli iliyo umbali wa dakika sita kwa miguu kutoka ukumbini, kwenda na kurudi ni dakika 12, na unabakiwa na dakika 18. Mtoto wa miezi mitano anajua kazi yake, dakika kumi hadi kumi na tano zinamtosha, na unarudi ukumbini ukiwa umechelewa kwa kiasi cha mtu aliyepitia msalani. Sasa chukua dakika hizohizo 30 na uweke bajaji ya dakika 15 kwenda tu. Umeshafika saa 4:15, hujashuka, hujamlipa dereva, na inakupasa ugeuze. Chakula cha mchana kitakuwa hivyohivyo: utamnyonyesha mtoto, lakini wewe hutakula. Usipime umbali wa kutoka chuoni hadi mjini. Pima umbali wa kutoka kwenye kiti chako hadi alipolala mtoto, kwa sababu ndio utakaoutembea mara tatu au nne kila siku kwa wiki mbili.

Nilikaa hosteli ya chuo kimoja upande wa Arusha, ambacho nami sitakitaja, kwa mafunzo ya siku kumi, mwanangu akiwa na miezi minne na nusu. Tulikuwa na chumba cha chini, cha pili kutoka mlangoni, na mama yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akinisaidia. Mambo yalikwenda vizuri kwa sababu ya huo ukaribu. Kilichoniumiza ni jokofu.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amenielekeza kwamba maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa muda wa saa nne tu katika chumba kisicho na joto kali, ila yakiwekwa kwenye jokofu yanaweza kukaa hadi siku nne. Chumbani hapakuwa na jokofu. Mpishi wa kantini, mtu mwema, aliniruhusu kuweka vikombe vyangu vyenye vifuniko katika jokofu la stoo, nami nikabandika juu yake karatasi yenye jina langu, kwa maana niliogopa asubuhi mtu asije akayamimina katika chai ya wakufunzi. Siku tatu hapakuwa na tatizo. Siku ya nne mkufunzi alitupa kazi ya vikundi iliyotuweka ukumbini hadi saa 12:45 jioni. Mama mkubwa alikuwa amemnywesha mtoto kwa kikombe maziwa yote yaliyokuwa chumbani, akaenda stoo kuchukua mengine, akakuta kufuli. Mtunza stoo alikuwa ameondoka saa 11:30 na ufunguo uko mfukoni mwake, yeye yuko ndani ya daladala anakwenda kwake. Nilipofika nilichungulia kupitia wavu wa dirisha. Niliiona taa ndogo ya jokofu ikiwaka gizani, na nilijua kwamba ndani yake mna vikombe vitatu vya maziwa yangu ambavyo nilikuwa nimevikamua alfajiri nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na usingizi machoni. Huku nyuma mtoto analia mgongoni kwa mama mkubwa. Nilimnyonyesha palepale kwenye ngazi za jikoni, na sikujali nani anapita.

Kuanzia siku iliyofuata nilinunua kasha dogo la kuhifadhi ubaridi, la aina ile wanayouzia maji na soda stendi, nikawa naomba barafu jikoni kila asubuhi na kukaa nalo chumbani. Kwa hiyo ukipiga simu kuulizia jokofu, usiridhike na jibu la “lipo”. Uliza ufunguo unakaa na nani, na mtu huyo anaondoka saa ngapi.

Nyongeza ndogo ni kwamba uombe chumba cha ghorofa ya chini. Ngazi za ghorofa tatu mara nne kwa siku zitakula zile dakika 18 nilizokuhesabia. Uje pia na kadi ya kliniki ya mtoto. Hutarajii, ila ikitokea homa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi iko mjini na KCMC haiko mbali, na kote huko jambo la kwanza utakaloulizwa ni kadi.

Kifungu_33

Nimeona mjadala umejikita kwenye chumba, na ni sawa, lakini kuna upande mmoja ambao dada hakuuliza na unamhusu.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambacho wengi wanakifahamu kwa zile siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, kina sehemu nyingine isiyosomwa sana: mwajiri anatakiwa amruhusu mfanyakazi anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mafunzo uliyotumwa na mwajiri, kwa ratiba aliyoikubali na kuilipia, kwa maoni yangu ni saa za kazi kama zile unazokaa ofisini Singida. Kwa hiyo hupaswi kuomba radhi kwa kutoka ukumbini.

Angalia pia jambo hili. Mama_Tengeru amekuhesabia dakika za chai na za chakula, lakini hayo ni mapumziko ya kila mshiriki, nawe una haki ya kunywa chai yako na kula chakula chako kama wao. Pengo kubwa katika ratiba yako ni kati ya saa 8:00 mchana na saa 11:00 jioni. Mwandikie meneja barua fupi, nakala kwa mratibu wa mafunzo, ueleze kwamba utahitaji kutoka kwa nusu saa, tuseme saa 9:30 alasiri, kila siku. Mkufunzi aliyejulishwa kabla hataliona jambo hilo kuwa utoro, na hata kama siku hiyo kuna zoezi la kikundi, wenzako watakuwa wanajua.

Kuhusu gharama ya mdogo wako, nisikudanganye. Sheria inazungumzia muda wa kunyonyesha. Haimwamuru mwajiri kulipia kitanda cha msaidizi. Hilo ni la kuelewana. Katika barua hiyohiyo, omba chama kilipie kitanda tu na wewe ubebe chakula chake. Mameneja wengi hukubali ombi lililogawanywa kuliko ombi zima. Na ukichukua ushauri wa kupewa fedha mkononi, hakikisha kwanza kwamba malazi hayajalipwa tayari ndani ya ada, maana yakishalipwa chuoni utakuwa unaomba chama kilipe mara mbili, na wewe mtunza hesabu ndiye utakayekuja kuulizwa na mkaguzi.

Kahawa_Chungu

Mama_Tengeru, nimekubali hesabu ya dakika, na Kifungu_33 amenigusa mahali pangu pa kazi: malipo mara mbili ningeyaandika mimi mwenyewe kwenye ripoti. Naondoa bajaji yangu. Mtori siuondoi.

Kitunza_Funguo

Mtori hautoki chuoni kwa bahati, unatoka kwa taarifa. Mpishi akiambiwa siku moja kabla na akapewa fedha ya ndizi na nyama, atapika sufuria ndogo pembeni. Tumewapikia wakufunzi wenye vidonda vya tumbo miaka na miaka. Mama mwenye mtoto ataanzaje kukataliwa? Na kwa ile njaa ya saa 5:00 usiku aliyoitaja kijana wetu, na hapo amesema kweli, aje na chupa ya chai kubwa. Kabla kantini haijafungwa ajaze uji, na utakaa wa moto hadi usiku wa manane.

Alizeti_Singida

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu.

Nilimpigia simu mratibu Jumatatu, ambaye kumbe ni mama wa watoto watatu. Nikamuuliza yale maswali matatu kama yalivyoandikwa hapa. Akanyamaza kidogo, akafungua orodha yake, na akaniambia kwamba nilikuwa nimepangwa bwenini, ghorofa ya tatu, chumba cha deka pamoja na mshiriki mwingine kutoka Mwanza. Angekuwa ameyajua hayo Jumapili usiku, alisema, asingekuwa na la kufanya. Nyumba ya wageni ina vyumba vinane, na viwili vilikuwa bado havijapewa mtu. Amenihamishia katika kimoja cha chini, chenye vitanda viwili na choo ndani, na jina langu limewekewa alama.

Jokofu halimo chumbani. Liko katika chumba kidogo cha chai kilicho nyuma ya mapokezi, na nilipouliza ufunguo unakaa na nani alicheka, akasema hakuna mshiriki aliyewahi kumuuliza swali hilo. Unakaa mapokezi usiku kucha. Hata hivyo nitakuja na kasha langu la barafu.

Meneja amesoma barua. Kitanda cha mdogo wangu ni shilingi 15,000 kwa usiku, na kwa kuwa tutafika Jumamosi ili mtoto apumzike siku nzima kabla ya vipindi kuanza, ni usiku 14, jumla shilingi 210,000, ambazo chama kitalipa kwa ankara. Chakula chake ni juu yangu. Kuhusu nusu saa ya saa 9:30, meneja aliandika pembeni mwa barua neno moja tu, “Sawa”, na mratibu ameahidi kunitengea kiti cha mwisho karibu na mlango ili nisipite mbele ya watu wote kila alasiri.

Mzee, nina swali moja la mwisho. Sisi wa Singida tumezoea upepo, lakini nimesikia asubuhi za huko mwezi Agosti zina baridi ya mlima. Blanketi za nyumba ya wageni zinatosha, au nibebe la kwangu?

Kitunza_Funguo

Marahaba, binti yangu. Blanketi moja kwa kila kitanda lipo, la pili huombwa. Kwa mtoto beba lako, pamoja na sweta na soksi, kwa sababu baridi ya Moshi huja alfajiri na kuondoka saa tatu. Chandarua kitakuwepo, ila kikague matundu kabla hamjalala, maana mbu wa Moshi hawajui kwamba ni kiangazi.

Na hiyo Jumamosi jitahidini mfike kabla ya saa 12:00 jioni. Zamu ya mapokezi hubadilika saa hiyo, na anayeingia usiku mara nyingi hukabidhiwa funguo bila maelezo. Mkichelewa njiani, piga simu mkiwa bado Arusha, umtajie aliye zamu ya mchana namba ya chumba chako, umwombe aiandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye ufunguo.